Muhiba Saif, Fundi Aliyeogopa Usingizi

Wasikilizaji wapendwa, kama una chai jikoni, mimina, kisha sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka Muhiba Saif, fundi wa sare za shule wa Shauri Moyo, aliyetutoka Jumanne iliyopita. Muhiba Saif. Umri wake miaka thelathini na sita. Kama binti yako amesoma shule za kando ya Jogoo Road, huenda sketi yake ilipita mikononi mwa Muhiba.

Aligunduliwa kuwa na kisukari aina ya kwanza akiwa darasa la sita. Hiki si kile kinachowapata watu ukubwani. Mwili wake ulikuwa umeacha kutengeneza insulini, basi ilimbidi ajidunge sindano kila siku, asubuhi na jioni. Nyumba haikuwa na friji. Mama yake, Bi Mumina, aliiweka dawa kwenye chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa maji.

"Wanawake wenzangu walikuja kunipa pole," Bi Mumina anasema. "Yeye mwenyewe ndiye aliyewachekesha."

Sasa twende Januari moja, Muhiba ana miaka ishirini na mmoja. Mafundi wanaijua Januari. Shule zinafunguliwa na wazazi wamejaa mlangoni. Siku hiyo Muhiba alibeba majora ya kitambaa kwa miguu kutoka Eastleigh, akaja akashona mpaka giza likaingia. Akajidunga dawa yake kama kawaida. Chakula alikionja tu. Akasema amechoka, akalala.

Insulini hushusha sukari mwilini. Ukijidunga usile, na umefanya kazi kutwa, sukari hushuka kupita kiasi. Na ikishuka umelala, ni nani atakayekuambia?

Mdogo wake, Aqsa, alikuwa na miaka kumi na minne. Walilala kitanda kimoja.

"Nilidhani paa linavuja," Aqsa anakumbuka. "Shuka limelowa chapachapa. Kumbe ni jasho la dada. Nikamwita, 'Dada! Dada Muhiba!' Macho yako wazi, hajibu."

Bi Mumina akamlaza kwa ubavu, akachovya kidole kwenye asali akampaka kwenye ufizi, kidogo kidogo, huku jirani akikimbilia gari. Kabla gari halijapatikana, Muhiba akameza mate. Alipoweza kunywa, wakampa maji ya sukari. Akarudi.

Alirudi, wasikilizaji, lakini hakurudi vile alivyokuwa. Miaka mingi baadaye alimwambia Aqsa: "Nilikuwa nawasikia. Nilimsikia mama akisoma Yasini. Nikataka kusema, jamani, niko hapa. Mkono ukakataa, ulimi ukakataa. Nimefungiwa ndani yangu mwenyewe, na nyinyi huko nje mnaanza kunililia."

Tangu usiku huo Muhiba aliogopa kulala.

Akajibunia kinga yake. Sindano ya jioni akaipunguza. Kisha, kabla ya kupanda kitandani, mahamri manne na chai yenye sukari nyingi. Sukari ikilala juu, alijiambia, haitafika chini kabla ya alfajiri. Na kweli, hakuanguka tena. Mama akafurahi.

"Sahani nilimwekea mimi mwenyewe kando ya kitanda," Bi Mumina anasema. "Nilidhani namlisha."

Kwa sababu sukari iliyo juu nayo huua, ila huja kwa mwendo wa kinyonga. Huharibu macho. Huharibu figo. Muhiba alilijua hilo, kliniki waliliimba kila mwezi. Akila, anajiumiza. Asipokula, anarudi kule ndani asikosikika. Huku moto, huku maji. Aliishi hapo katikati miaka kumi. Miaka kumi, wasikilizaji. Aliposwa mara mbili, akakataa mara mbili. Harusi ya binamu yake Mombasa hakwenda, maana kulala ugenini hakukuwezekana. Dunia yake ikawa cherehani, kitanda na sahani.

Na kliniki? Kliniki alidanganya. Alitakiwa kuandika vipimo vyake kwenye daftari, naye akaandika tarakimu nzuri nzuri, zote za kutunga. Wauguzi walikuwa wachache na foleni ilikuwa ndefu. Walitazama, wakapiga muhuri. Hadi alipokuja muuguzi mmoja mgeni, Bwana Luseno. Alilifungua lile daftari, akalifunga, akalifungua tena.

"Muhiba, hii kitabu yako ni safi sana."

"Mimi fundi, napenda usafi."

"Hapana. Mtu akijitoboa kidole kila siku, lazima damu iguse karatasi mahali. Na hii yote umeandika na kalamu moja." Akavuta kiti karibu. "Sikugombezi, dadangu. Wewe niambie tu, unaogopa nini?"

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemwuliza. Muhiba alilia hadi watu wa foleni nje wakanyamaza.

Wakaanza upya. Dawa ya jioni ikaongezwa polepole. Kupima kabla ya kulala, kupima tena saa tisa usiku. Sukari na kikombe cha maji karibu na mto. Aqsa akaitwa kliniki, akafundishwa cha kufanya. Na mahamri ya usiku yakakatazwa, ila kipimo kikiwa chini.

Usiku wa kwanza walilala huku taa inawaka.

"Aqsa, nikianza kutoka jasho?"

"Nitaona."

"Na ukipitiwa na usingizi?"

"Simu itanipigia kelele kila baada ya saa mbili. Lala, dada."

Hakulala. Saa tisa akapima: saba nukta moja, kipimo kizuri kabisa. Hakuamini. Akatoboa kidole kingine. Saba nukta moja. Akakaa kitandani akiutazama ukuta mpaka adhana ya alfajiri. Usiku wa pili vivyo hivyo. Wa tano. Wa kumi. Aqsa anasema usiku wa kumi na tisa walipima saa tisa, kisha dada yake akalala fofofo hadi jua likaingia dirishani. Kwa hofu Aqsa akamtikisa kwa nguvu. Muhiba akafumbua jicho moja: "Kwani kuna nini? Hebu niache nilale."

Lakini figo zilikuwa zimekwisha kuchoka. Vipimo vilisema hivyo mwaka uleule. Muhiba alipata miaka mitano ya usingizi, na miwili ya mwisho alisafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, bila kuweza kuinuka. Mwanzoni alikasirika. "Nimetoka kifungo kimoja nikaingia kingine," alimwambia mama yake. Baadaye alianza kuwasemesha vijana waliolazwa vitanda vya jirani. Aliwauliza wanaogopa nini, kisha akawasikiliza.

Alifariki saa nne asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Aqsa. Alasiri hiyohiyo alizikwa Kariokor.

Kwa Bi Mumina, kwa Aqsa, kwa mafundi wenzake wa Shauri Moyo, poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira, naye Muhiba amrehemu. Na Bi Mumina, mama yetu, ulimpa mwanao ulichokuwa nacho. Hakuna anayekulaumu.

Nilipokuwa naaga pale nyumbani, Aqsa alinisindikiza hadi barabarani. Akasimama, akaniambia neno ambalo nimeona niwaachie nanyi. "Tulilala kitanda kimoja miaka kumi. Nilimwona akila usiku. Sikumwuliza hata mara moja."

Wasikilizaji wapendwa, nyumbani kwako ni nani anayekesha peke yake? Leo mkikaa kula, mwulize. Halafu zima hii redio, umsikilize yeye.