Indésirable wa Katindo

Kijiwe hiki cha Katindo, mtaa wa Goma, ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ya lava, kando ya thermos ya Mama Angèle, muuza kahawa. Alasiri hukaa hapo Hilaire, karani mstaafu wa forodha ya Bunagana mpakani, anayeitwa Procès-Verbal kwa sababu hurudia maneno ya watu kama anayaandika. Hukaa pia Zéphirin, dereva wa lori, anayeitwa Ralenti kwa kuwa mdomo wake hauzimwi hata lori likiwa limesimama. Wivine hutengeneza simu kwenye kibanda cha jirani. Hilaire, Zéphirin na Mama Angèle tu ndio wanaojua kwamba ana tovuti inayowatumia wafanyabiashara barua pepe kila asubuhi: njia ipi iko wazi, ipi imefungwa. Juzi Zéphirin alikwama kwenye kizuizi cha barabarani na shehena ya vitunguu. Onyo la Wivine hakuliona.

Wivine — Nimejua, Zéphirin, juu ya nini haukupata mail. Nimekuwa indésirable.

Hilaire — Indésirable! Mutu hatakiwe mu inchi! Ni service gani imesema? Walikupa papier ya kufukuzwa? Pale Bunagana niliona batu ba vile, banavushwa mupaka na valise moja.

Wivine — Hapana mimi, Papa Hilaire. Mail zangu. Zinaangukaka mu courrier indésirable, tiroir ya barua zenye hazitakiwe, na kule batu hawafunguake. Mpaka mutu mwenyewe aingie, abonyeze kusema haiko indésirable.

Zéphirin — Kumbe vitunguu vyangu vilioza sababu ya ile tiroir ya barua!

Mama Angèle — Vilioza juu ulisahau bâche ya kufunika. Acha mutoto aseme.

Wivine alieleza. Jina la tovuti lina mwenyewe, na mtu yeyote duniani aliweza kuuliza ni nani. Mwanzoni jina lake na namba yake ya simu vilionekana. Kisha mtu akapiga, hakujitambulisha, akataka kujua nani alimwambia kwamba kizuizi kimehamishwa. Wivine akaficha kila kitu. Sasa mashine zinazochuja barua zinamshuku: mwenyewe hajulikani, tena mtandao ukikatika na kurudi, barua zake zinatoka zote kwa pamoja, kama za matapeli. Waliomuuzia jina wanamshauri ajionyeshe.

Zéphirin — Basi jionyeshe! Mutu mwenye kusema kweli anajificha nini?

Wivine — Ule wa simu naye aliuliza vile.

Zéphirin — Tuma mu groupe ya WhatsApp, basi.

Wivine — Na numéro yangu waione wote?

Mama Angèle — Lakini na mashine iko na haki. Waliniandikiaka asema nimeshinda jeep. Kama haingeitupa kule, leo ningekuwa nimeuza hii thermos.

Hilaire — Mashine njo douanier, mutu wa forodha. Muzigo bila jina, unaweka kando, hata kama ndani ni Biblia.

Zéphirin — Hapana, Papa. Ni mutu. Kuko muzungu moja mu cave, chumba ya chini ya nyumba, kule Ulaya, anasomaka mail yote ya Goma. Walimukatalia sukari ku kahawa, roho inamuuma, anasema: hii, indésirable! Na hii!

Hilaire — Ama zinanuka soufre, kama kiberiti. Zinapita juu ya volcano.

Zéphirin — Njo maana zinafika zimechoka!

Wivine alicheka.

Hilaire — Weka adresse ya nyumba yangu ya zamani. Iko chini ya lave. Mwenye kukutafuta achimbe.

Mama Angèle — Na jina uweke Katungu. Ba Katungu ni wangapi hapa Goma? Atapiga hodi mpaka achoke.

Wivine — Na kama Katungu moja akifungua mulango?

Mwanamke mmoja akasimama mbele yao na kitenge begani. Hawakumfahamu.

— Mama, nipe kahawa. Mimi ni Héritière, nauzishaka maharagi. Njia ya Rumangabo kesho iko namna gani? Nilijiandikishaka ku ile site, lakini sipate kitu.

Mama Angèle alimmiminia mpaka thermos ikakohoa.

Mama Angèle — Fungua simu. Angalia mu indésirable.

Héritière alishusha kidole kwenye kioo, akasimama.

— Zote ziko huku! Ya leo inasema kesho tusipite, barrière imerudi mu njia.

Akampigia dereva simu papo hapo.

— Papa Ushindi, teremusha magunia. Yote. Kesho hamuende.

Alipokata, aliwatazama mmoja mmoja.

— Mwenye kuandikaka hii ni nani? Nataka nimupe aksanti.

Hilaire alitazama kikombe chake. Mama Angèle alifunga thermos tupu. Wivine alikuwa anafuta simu ambayo ilikwisha kuwa safi. Zéphirin alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

Zéphirin — Hatumujue, mama. Lakini bonyeza pale. Sema haiko indésirable.

Hilaire — Hajulikane. Haiko indésirable.

Héritière alibonyeza, akarudisha kikombe, akaenda. Wivine akasukuma kahawa yake, iliyobaki nusu, mpaka mbele ya Zéphirin.