Kitabu cha Pasaka cha Bibi Gudveig

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Torleif, na mwenyewe hakatai. Treni ilikuwa inapanda milimani kutoka Oslo, kila abiria na machungwa yake na riwaya yake ya mauaji, kama ilivyo desturi ya Wanorwe kila Pasaka. Akamwona bibi wa mbele yake, Gudveig, yuko katikati ya kitabu alichokimaliza yeye jana. Ulimi ukamponyoka: "Usijisumbue, mama. Muuaji ni daktari wa meno!"

Behewa zima likaguna. "Mwanaharamu wee!" bibi akasema. "Nimebeba hiki kimoja tu cha sikukuu nzima!"

"Nimekuokoa. Riwaya za siku hizi ni zilezile: polisi mlevi, theluji, maiti."

"Mimi kimenitetemesha. Pale mama mtu anapoendelea kumwandalia marehemu binti yake sahani mezani, nilitazama dirishani nisiione hata milima. Binadamu anaandikaje vile, jamani?"

"Hayo mapambo tu. Cha maana ni muuaji."

Treni ikapunguza mwendo. Gudveig akautundika mkoba wake begani, tayari kushuka. "Haya, bingwa. Yule binti aliyeuawa aliitwa nani?"

Torleif akakuna kichwa mpaka milango ikafunguka.

"Basi kitabu hiki bado hujakisoma, mwanangu. Niache mimi nikakisome."