Eunike Anataka Kuzamia

Benchi letu lipo upande wa kivuli wa stendi ya Same, mbele ya kibanda cha Salimu anayetengeneza simu. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, unatosha watu wanne wakiwa wanapendana na watatu wakiwa wamenuniana. Hamidu hufika na birika la kahawa saa moja asubuhi, na kuanzia hapo hakuna jambo la nchi hii lisilopatiwa ufumbuzi. Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko hatua tatu kutoka benchi, wananiita Mita. Salimu ni Tochi, kwa sababu kila kitu anasema amekiona kwenye simu. Mzee Eliufoo alistaafu reli, huyo ni Stesheni. Leshan anauza ng'ombe, kwa hiyo ni Mnada. Jumatano hiyo alishuka rafiki yetu Nathanaeli kutoka Suji, amevaa koti lake la Sabato, na ukiona Msabato wa Suji amevaa koti hilo Jumatano, ujue kuna jambo. Yeye hanywi kahawa. Hamidu akammiminia maji ya tangawizi, kama kawaida yake.

— Jamani, nina shida, akasema Nathanaeli. Eunike anataka kuzamia.

Stesheni akaweka kikombe chini.

— Kuzamia! Meli ya wapi?

— Sijasema meli.

— Hawa watoto wanajificha kwenye makontena bandarini, siku tatu hawajaona maji ya kunywa! Nathanaeli, rudi nyumbani ukamfungie mlango.

— Siyo kuzamia huko, mzee. Kuzamia majini. Anabeba mtungi wa hewa mgongoni, anashuka chini ya bahari na watalii, anawaonyesha samaki.

— Kwa hiari yake?

— Kwa mshahara.

Eunike tunamfahamu wote, ndiye kitinda mimba wa Nathanaeli. Ana miaka ishirini na tano, na miaka mitatu alikuwa mapokezi katika hoteli moja kule Mafia. Hoteli hiyo ina watu wa uzamiaji, wakamfundisha hatua za mwanzo kwa bei ya wafanyakazi. Sasa alikuwa amerudi likizo na wazo moja tu: asomee kazi yenyewe, awe mzamiaji wa kuongoza wageni, na baadaye mwalimu. Ada yake ilikuwa inakaribia gharama ya fremu mbili za maduka ambazo baba yake alitaka kujenga Hedaru, pale barabarani malori yanapolala. Tofali alikuwa ameshanunua.

— Fremu, akasema Stesheni bila kusita. Fremu haiulizi umesoma nini. Unakaa Suji, kodi inakufuata.

— Mzee, hapo unachemka, akasema Tochi. Hedaru fremu ziko nyingi kuliko wapangaji. Huyu binti akizamia, dili ni lingine. Kule chini kuna meli za Wajerumani zilizozama na dhahabu.

— Nani kakwambia?

— Nimeona video.

— Na mimi, akasema Stesheni, namjua mtu wa Korogwe alizamia mwaka mmoja tu, akarudi mfupi kwa inchi mbili. Maji yanakandamiza! Suruali zake zote zilikatwa upya. Mita, wewe si ndiye ulizikata?

— Mimi sikumbuki, nikasema.

— Unaona? Hata fundi kasahau, kwa jinsi alivyopungua!

Mnada alikuwa anachora chini kwa fimbo. Kisha akasema kwa ule upole wake:

— Mimi nauliza, hicho cheti kinazaa? Nikinunua mitamba mitatu leo, mwakani nina ndama. Cheti unakiweka ukutani, mwakani bado ni kimoja.

Hoja hiyo ilimwingia Nathanaeli, nilimwona. Tochi akaona anashindwa, akageuka upande wa pili, akasema kwanza hiyo kazi itachukuliwa na roboti, Wachina wameshatengeneza samaki wa chuma anayeongea Kiswahili. Hapo Stesheni akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Ndipo Eunike mwenyewe akatokea upande wa mabasi, ana daftari mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akasema Stesheni. Tulikuwa tunakuzungumzia.

— Najua, babu. Sauti yako nimeisikia kutoka dirisha la tiketi.

Akakaa mwisho wa ubao, tukasogeana. Nilitegemea ataanza kutushawishi. Hakutushawishi.

— Baba, jana uliniuliza kama nikimaliza kuna uhakika wa kazi. Nimepiga simu vituo sita. Uhakika haupo.

— Kumbe! akasema Stesheni.

— Haupo kabisa, babu. Wapo wageni wanakuja na kufanya kazi bure, ilimradi wapewe mafunzo na chakula. Masika hoteli zinafunga, hakuna mshahara. Masikio yakiugua, hushuki majini, unakaa juu. Na ukisoma hatua ya kwanza tu ukaishia hapo, kipato si kikubwa, unategemea bakhshishi.

— Sasa mbona unajisemea vibaya? akauliza Tochi.

— Nasema ukweli ili nisije nikaulizwa baadaye. Upande wa pili ni huu. Wageni wengi wanataka kiongozi anayejua Kiswahili, anayewajua mabaharia na wavuvi, asiyeondoka baada ya miezi mitatu. Pale kwetu wanawake wazawa wanaozamia ni mmoja, naye anahamia Pemba. Meneja ameandika kwamba nikimaliza hatua ya kuongoza, nafasi yake ni yangu, msimu mmoja wa majaribio. Kwa hiyo siombi ada yote. Naomba hatua hiyo moja. Ualimu nitajilipia mwenyewe nikiona kazi inalipa. Nisipoona, nitarudi mapokezi, na fremu moja utakuwa umejenga.

Akampa baba yake daftari. Nathanaeli akalishika bila kulifungua.

Mnada akaacha kuchora.

— Eunike, na la ndama unasemaje?

— Mzee Leshan, nitakujibu lakini usinikasirikie. Ule mwaka wa ukame ulibaki na ng'ombe wangapi?

Jambo hilo pale kijiweni huwa hatuligusi. Mnada alikuwa na ng'ombe mia na zaidi kule tambarare, na siku mvua iliporudi alikuwa na kumi na mmoja. Alizoa ngozi za waliokufa kwa wiki mbili. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Akatazama fimbo yake, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa.

— Kumi na mmoja. Na mmoja wao dume kipofu.

— Pole sana, baba.

— Nathanaeli, akasema Mnada, mimi nahama upande. Nilichokuwa nacho chote kilikuwa kinakula majani. Ningekuwa na kitu kimoja kichwani, nisingemwomba shemeji yangu unga. Mpe mtoto.

Basi ikawa watatu kwa mmoja, maana Tochi alirudi upande wa mtoto, na mimi niliinua mkono nikiwa na sindano mdomoni. Stesheni peke yake alibaki na fremu zake, anazitetea kama anazipanga yeye. Lakini Nathanaeli hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akawa anatafuta visababu. Mara mtaji wa mifuko ya saruji, mara boti ya Nyamisati kwenda Mafia inayumba, mara mtungi wa hewa huenda ni wa Kichina. Eunike akamjibu kila kimoja taratibu, na kila akijibiwa, Nathanaeli alikuwa anazidi kukunja uso.

Hamidu alikuwa anazungusha vikombe. Miaka yote ile sijawahi kumsikia akichangia. Yeye ni kumimina na kupokea. Akasimama mbele ya Nathanaeli na birika mkononi.

— Kaka, unaogopa hela au unaogopa maji?

Basi la Arusha lilipita, vumbi likatulia.

— Maji, akasema Nathanaeli.

Kisha akatuambia. Eunike alikuwa hajazaliwa. Nathanaeli na mdogo wake Elinaza walikwenda kuvua bwawa la Nyumba ya Mungu, vijana wawili wa mlimani waliojua kupalilia maharage tu. Upepo ukapindua mtumbwi hatua chache tu kutoka ukingoni. Nathanaeli alishika ubao. Elinaza hakushika kitu.

— Tulisimama ukingoni siku mbili, akasema. Watu zaidi ya thelathini. Tulijua mahali alipo, mtu angeweza kupatupia jiwe. Hakuna hata mmoja aliyejua kwenda chini. Mama alikuwa anatuuliza, kwani ni mbali? Siku ya tatu akaja juu mwenyewe.

Eunike alikuwa amemshika mkono baba yake. Aliwahi kuambiwa ana baba mdogo aliyefariki. Kwa nini na wapi, hakuwahi kuambiwa.

— Baba, akasema polepole. Kabla ya kuongoza wageni, lazima nifaulu uokoaji. Namna ya kumtafuta mtu chini, namna ya kumpandisha, namna ya kumrudishia pumzi. Hiyo ndiyo kozi inayoanza mwezi ujao. Siku ile ningekuwepo, mimi ningeshuka.

Nathanaeli akavua kofia, akajifuta uso kwa kiganja. Akamrudishia daftari bado halijafunguliwa.

— Inaanza tarehe ngapi?

— Tarehe sita.

— Nitakupeleka mwenyewe.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Tochi alimkumbatia Hamidu, Stesheni akasema na yeye tangu mwanzo alikuwa upande wa mtoto ila alikuwa anawapima, na Mnada akalipia kahawa ya benchi zima, jambo ambalo halijawahi kutokea na sidhani kama litatokea tena.

Waliondoka tarehe tatu. Fremu ilijengwa moja, na imepata mpangaji, mama mmoja anauza mitumba. Eunike alifaulu uokoaji mara ya kwanza, na ile hatua ya kuongoza alifaulu mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza masikio yalimsumbua akakaa juu wiki tatu akilia kwenye simu. Msimu wa majaribio akaumaliza, wakampa mkataba. Masika haya alirudi Suji kupalilia na mama yake, amekuwa mweusi tii, anatembea kama mtu mwenye ofisi. Ualimu bado. Anasema anajikusanya.

Nathanaeli ameshakwenda Mafia mara mbili. Wiki iliyopita alikuwa benchini anatuhadithia safari ya pili, siku waliyompandisha kwenye boti ili aone kazi ya binti yake. Benchi lilikuwa limejaa, alikuwepo na dereva wa lori la jasi kutoka Makanya, mgeni kabisa, aliyekuwa anasubiri pancha izibwe.

— Akanipungia mkono, akajiangusha kinyumenyume, kwisha, akasema Nathanaeli. Nikabaki natazama mapovu. Nahodha aliniambia, mzee, mapovu yakiwepo anapumua. Basi nikayatazama. Dakika arobaini sikupepesa. Mara yakakoma.

— Yakakoma! akasema Stesheni.

— Kumbe amepita upande wa pili wa boti. Lakini mimi sikujua. Nikasimama, nikavua viatu, mguu mmoja uko nje, nahodha akanidaka koti.

— Ulitaka kuruka?

— Nilikuwa nimeshakwenda, ni koti tu lililobaki.

Yule dereva akameza kahawa yake.

— Samahani, mzee wangu, unajua kuogelea?

— Sijui.

— Sasa ungeruka ukafanye nini?

Nathanaeli akaangalia viatu vyake. Dereva akatutazama sisi wengine, mmoja mmoja, anasubiri jibu kwa nia njema kabisa. Tochi ana watoto wawili. Mnada ana tisa. Mimi nina binti Tanga anayesomea uuguzi. Kuogelea sijui, lakini na mimi ningeshavua viatu.