Kikohozi cha Hodi

Benchi lililo mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, pale Kagongwa, linatosha watu wanne, lakini mwezi wa pili sasa wanakaa watatu. Kuna Valerian, ambaye wote humwita Redio kwa kuwa hakuna taarifa ya habari inayompita. Kuna Mageni Josho, aliyekuwa akichanja ng'ombe enzi hizo, na mpaka leo humkagua kila mtu kama anataka kumnunua mnadani. Na kuna Ngassa, mchimbaji wa dhahabu aliyechoka, ambaye kijiweni huitwa Karasha, kama ile mashine ya kupondea mawe. Nafasi ya nne ilikuwa ya Onesmo, aliyezikwa kwao Samuye. Hakuna aliyeagiza iachwe wazi, ila hakuna anayeikalia. Mwamvua muuza kahawa bado hujisahau akamimina kikombe cha nne, kisha huirudisha kahawa kwenye birika akisonya. Ngassa alikuwa ameshuka duara moja, shimo la dhahabu, na Onesmo miaka kumi na tisa, na asubuhi bila yeye zilimpwaya kama kofia ya kuazima. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kikimbana siku hizi, na shati lilimlowa jasho usingizini, lakini hilo hakumwambia mtu. Mchimbaji kukohoa ni habari?

— Dunia imeapa, alianza Redio. Nimesikia alfajiri kwa masikio yangu. Ikifika elfu mbili thelathini, kifua kikuu kwisha habari yake. Malaria nayo. Ukimwi nao. Mataifa yote yamesaini.

— Na vijidudu vimesaini? aliuliza Mageni.

— Usibeze, bwana. Ndui si iliisha? Mimi ni shahidi. Land Rover ilikuja shuleni, tukapangwa mstari, mwalimu na kiboko huku, mchanjaji na sindano kule. Chapa hii hapa!

Alikunja mkono wa shati. Kovu hilo walikuwa wameshaliona mara mia, na bado waliinama kulitazama.

— Jioni wakatuonyesha sinema kwenye shuka jeupe, Redio aliendelea. Inzi mkubwa kama ndama! Nusu ya kijiji ilikimbia.

— Mimi mama alinificha kwenye kihenge cha mtama, alisema Ngassa. Mchanjaji hakugomba. Akakaa, akala viazi, akasubiri mpaka nikapiga chafya.

— Ndiyo maana wahenga wakasema subira yavuta heri, na chafya yavuta sindano, alisema Redio.

Walicheka mpaka mwenye mashine akachungulia. Ah, siku zile! Ngassa aliona raha na uchungu vikimpanda pamoja, kwa maana hapo ndipo Onesmo angedakia kwamba yeye alimng'ata mchanjaji kidole.

— Lakini sotoka ndiyo iliisha kiume, alisema Mageni. Ng'ombe hana semina. Unamchoma, unamkata sikio alama, anakwenda zake. Binadamu mpaka apewe maji ya chupa na posho.

— Kwa hiyo na sisi tukatwe masikio? aliuliza Ngassa.

— Kidogo tu. Kwenye ncha.

— Uanze wewe, alisema Mwamvua. Unayo ya kutosha.

— Sikilizeni, alisema Redio akishusha sauti. Ndui haijafa, imefungiwa chupani, Ulaya huko. Analala nayo mlinzi mmoja, naye mzee. Siku akisinzia, tumekwisha!

— Basi kifua kikuu kifukiwe kwenye maduara ya zamani kule Buzwagi, alisema Mageni. Tumwagie na zege.

— Mchimbaji hakimpati, Ngassa alikata shauri. Zebaki nimeishika kwa mkono mtupu miaka ishirini. Kijidudu gani kitapanga chumba humu? Hili linalotukohoza ni vumbi la mwamba. Kunywa maziwa, linateremka.

— Kweli. Dawa ya moto ni moto, Redio aliafiki, ingawa hakuna aliyejua moto umeingiaje.

— Hodi angekuwepo leo angetuchana, alisema Mageni.

Hodi ndiye Onesmo. Walimwita hivyo kwa sababu ya kikohozi chake, kilichokuwa kikifika kijiweni kabla ya mwenyewe.

— Nilikuwa nakisikia akiwa kule kwa fundi baiskeli, alisema Mwamvua. Namimina. Anafika, kahawa bado ya moto.

— Na shimoni je? alisema Ngassa. Siku taa zilipozima tulifuata kikohozi chake gizani mpaka mdomoni mwa duara. Watu saba tulitoka.

— Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema Mageni. Hodi hakuficha kitu. Alikohoa mchana kweupe, mbele za watu, kila siku ya Mungu.

Walitikisa vichwa, wakiridhika kwamba mwenzao alikuwa muungwana.

Hapo akaja mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Walimtambua kutoka msibani: Lusia, binti wa Onesmo.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, ng'wanawane, mwanangu, waliitikia. Karibu kahawa.

— Asante, sikai. Natoka kituo cha afya. Majibu ya baba yalitoka tukiwa tumeshazika. Ilikuwa kifua kikuu.

Mageni aliweka kikombe chake chini.

— Wametaka tuje wote tuliokaa naye. Huyu Mbuke hapa mgongoni alilala naye kitanda kimoja likizo yote ya Desemba. Sasa nesi ananiuliza kitu sikijui, mimi nilikuwa Samuye. Ninyi mlikuwa naye kila siku. Baba alianza kukohoa lini?

Redio, anayekumbuka hata rangi ya Land Rover ya utoto wake, alifungua mdomo.

— Mwaka ule wa mvua kubwa... Hapana. Alikuwa anakohoa tayari.

— Siku ya harusi yako? alisema Mageni. Alikohoa katikati ya hotuba, tukapiga makofi.

— Lakini hicho kilikuwa cha vumbi, alisema Redio. Cha ugonjwa kilianza...

Ngassa alipekua miaka yote, na kila alipomkuta rafiki yake alimkuta anakohoa. Alikumbuka shati lililoanza kumpwaya, na jinsi walivyomtania kwamba amevaa la kaka yake. Onesmo alicheka nao. Aliacha kahawa nusu, wakagombea kuimaliza. Aibu ilimshika Ngassa kifuani, na kikohozi kikamtoka. Hakikukoma upesi.

Lusia alimsubiri mpaka akapata pumzi.

— Na wewe, baba? Chako kimeanza lini?

Ngassa alitaka kusema ni vumbi, akaghairi. Aliwageukia wenzake.

— Redio. Mageni. Mimi nimeanza lini?

Mageni, bingwa wa kukagua, alimtazama tangu kichwani hadi miguuni kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mwamvua alishika birika bila kumimina.

Ngassa aliinuka.

— Nipeleke kwa huyo nesi, ng'wanawane.

— Atakuuliza hilo hilo, baba.

— Nitamwambia sijui. Na hawa hawajui. Lakini leo kikohozi changu nimekisikia.