Chupa ya Kitanda cha Saba

Mheshimiwa Mganga Mkuu, waheshimiwa wajumbe wa bodi, wauguzi, familia ya Mama Wodi, nanyi wageni waalikwa: hamjambo?

Nimepewa dakika tano za kumuaga Mama Wodi, mhudumu aliyesafisha wodi ya wanaume kwa miaka thelathini na moja. Mnamjua. Akishapiga deki, hata sisi madaktari tunavua viatu mlangoni.

Lakini naomba niseme jambo ambalo halimo kwenye risala.

Mnamkumbuka mwashi wa kitanda cha saba? Aliletwa na malaria kali, hajitambui. Tukampa dawa, na siku ya tatu vipimo vikaonyesha hana mdudu hata mmoja. Nikampigia mkewe simu: "Shemeji, kesho njoo na nguo zake." Mama Wodi alikuwa nyuma yangu. "Daktari, chupa yake ya mkojo sijaimwaga tangu jana asubuhi. Na dripu zinaingia tu."

Nikamjibu nini? Nilimfokea mbele ya wanafunzi na wagonjwa: "Mama, wewe shika ufagio, huku tuachie wenyewe."

Hakununa, wala hakuondoka. Aliiweka ile chupa kavu juu ya faili langu, akasema, "Haya, na hii isome."

Niliisoma, ndugu zangu. Malaria ilikuwa imeondoka, lakini imeacha figo zimegoma. Maji hayakuwa na pa kutokea. Miguu ilishavimba chini ya shuka ambalo sikulifunua. Chumvi ilikuwa imepanda kwenye damu hadi moyo unadunda ovyo. Angeruhusiwa kesho yake, moyo ule ungesimama nyumbani, watoto wakimtazama. Tulisimamisha dripu, tukamkimbiza hospitali ya rufaa, na damu yake ikachujwa kwa mashine. Siku ya kumi mkewe alipiga simu wodini, na hakutaka kuongea na mimi. "Mwambieni yule mama, amekojoa!" Wodi nzima ilishangilia. Mimi nilijifungia stoo, nikalia.

Miaka sita imepita. Mwashi yule pale, safu ya tatu, na mkewe. Wote walishamshukuru mama huyu. Mimi, ambaye aliniokoa nisiue mtu, kila asubuhi nilimsalimia nikapita. Niliona haya.

Mama, nilikudhalilisha mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Nisamehe.

Waheshimiwa, nawashukuru kwa kunisikiliza na kunivumilia.