Mama Pindo Anastaafu, na Barua Ile Bado Inaniuma

Ijumaa ijayo, tarehe 30, saa kumi jioni, mshonaji mkuu wa idara ya makava atazima cherehani namba sita na kutuaga rasmi. Amekitumikia kiwanda chetu cha magodoro kwa miaka thelathini na mitatu, ukitoa miezi kumi na minne ambayo hakuwa nasi. Kamati ya sherehe iliniomba kurasa mbili za kijitabu cha kumwaga, nizisome pia siku hiyo, ikanishauri kwa upole kwamba hiyo miezi kumi na minne niiruke. Nimejaribu kuiruka mara mbili nikashindwa. Bila miezi hiyo nisingemjua huyu mama ni nani, wala nisingejijua mimi mwenyewe, na hilo la pili sikulifurahia hata kidogo.

Kwanza tuanze na raha. Aliletwa hapa na shangazi yake, aliyekuwa mpokezi wa wageni, akapewa wiki mbili za majaribio kwenye zipu. Siku ya tatu alimrudishia msimamizi godoro zima kwa sababu pindo lake lilikuwa limekwenda upande kwa vidole viwili. Msimamizi akamwambia kwamba mteja ananunua godoro alilalie, si alikague. Yeye akajibu kuwa mteja huyo siku moja ataugua, atalala hapo mwezi mzima, na mgonjwa hana kazi nyingine ila kukagua. Jina la Mama Pindo lilianzia hapo, na sasa hata wanaomlipa mshahara inabidi wafungue faili ndipo wakumbuke lile jingine.

Humwita kila mtu mwanangu, awe mfagiaji au mkurugenzi. Mimi peke yangu ananiita karani, tangu siku moja nitakayoisimulia. Kuna siku mkurugenzi alileta wageni kuwaonyesha godoro jipya la hoteli, akalipigapiga kwa kiganja akilisifia. Mama Pindo akapita, akavaa miwani yake ya kamba, akaligeuza godoro mbele ya wageni na kuanza kulifumua. Wageni wale waliagiza magodoro mia mbili kwa sharti moja, kwamba ayakague yeye. Mkurugenzi alinuna mpaka mchana, kisha akawa anaisimulia habari hiyo kana kwamba aliipanga yeye.

Katika mwaka wake wa ishirini, wateja wetu wawili wakubwa waliondoka, na mashine mpya ya kushona kingo ikaletwa. Jumatatu asubuhi orodha ya majina arobaini na mawili ikabandikwa kando ya mashine ya kupigia kadi. Jina lake lilikuwa la kumi na saba. Orodha hiyo niliiandaa mimi, karani wa ofisi ya utumishi, na nilipofika namba kumi na saba nilikwenda kumwuliza mkuu wangu kama kuna makosa. Hakukuwa na makosa. Nilibaki nimeduwaa mlangoni kwake huku nimeshika karatasi, hadi akaniambia nifunge mlango kwa nje.

Hapa lazima niwaeleze vijana desturi yetu ya siku zile. Mtu akipunguzwa kazini, barua yake haikusema amepunguzwa. Wakubwa waliotutangulia waliona neno hilo ni aibu, kwamba mwajiri mwingine akilisoma atadhani amepelekewa mvivu. Kwa hiyo tulikuwa na barua moja ya kiungwana, iliyotumika tangu kabla sijaajiriwa. Ilisema kwamba mtajwa ameacha kazi kwa hiari yake, kwa maelewano mema na mwajiri, nasi tunamtakia kila la heri. Nilipiga chapa barua arobaini na mbili kwa siku moja na nusu. Nilibadilisha majina tu, na wallahi nilijiona mtu mwema.

Mama Pindo na mumewe, seremala aliyekuwa ameumia mgongo na kuacha kazi nzito, walikuwa wanalipia nyumba ya vyumba vitatu kwa mkopo. Walipouchukua, ofisa wa mkopo aliwaongezea bima: ukipoteza kazi bila kosa lako, bima inakulipia marejesho kwa miezi kumi na miwili. Mama Pindo aliichangia bima hiyo kila mwezi kwa miaka tisa. Kwa hiyo alipoondoka hapa na boksi lake la vitu, hakulia. Alijaza fomu ya madai, akaambatanisha barua yangu, akasubiri.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Dai limekataliwa. Kwa mujibu wa barua ya mwajiri, mdai aliacha kazi kwa hiari yake, na bima hailipi mtu aliyeacha kazi kwa hiari. Na kwa kuwa marejesho mawili yalikuwa yameshapita bila kulipwa, mkopeshaji naye alituma lake: alipe malimbikizo ndani ya miezi sita, la sivyo nyumba itauzwa.

Alikuja dirishani kwangu saa nne asubuhi. Nilijiandaa kwa matusi, maana wengine walikuwa wameshanitukana kwa mengine. Alizipanga barua zote mbili kwenye kidirisha, akaisogeza ile yangu upande wangu.

"Karani, nisomee hii," alisema. "Kwa sauti. Miwani nimeisahau."

Miwani ilikuwa kifuani pake. Nikasoma. Nilikuwa nimeipiga chapa barua ile mara arobaini na mbili, na nadhani sikuwahi kuisoma hata mara moja. Nilipofika kwenye "kwa hiari yake" niliacha kusoma. Nilianza upya, nikaachia palepale. Nilimwangalia, nikaiangalia sahihi yangu ya kifupi pale chini kushoto, nikajua kwamba nyumba ya mtu ilikuwa inakwenda kwa sababu yangu, na kwamba niliifanya kazi hiyo huku nikipiga mluzi.

Nilimwahidi barua nyingine, ya kweli, kabla ya mwisho wa wiki. Nilipoipeleka kwa mkurugenzi wa wakati ule, aliirudisha bila kusaini. Alisema tukimrekebishia mmoja tutawarekebishia arobaini na wawili, na watu wa bima watatuita waongo. Kwa kuwa nilikuwa na watoto wawili shuleni na roho ya kuku, nilinyamaza. Mama Pindo alipokuja nilimwambia njoo kesho. Alipokuja kesho nilimwambia Jumatatu. Nilimzungusha hivyo kwa wiki tatu, na kwa wiki hizo tatu hakuwasilisha lalamiko lake popote, kwa sababu aliliamini neno langu. Ziwekeni akilini hizo wiki tatu.

Ilipofika wiki ya nne hakuja. Alikwenda kwenye kampuni ya bima kuomba nakala nzima ya mkataba wake, kurasa thelathini na moja za maandishi madogo, akaketi nayo jikoni na mumewe. Mume anasoma, mke anapiga mstari. Anasema waliisoma kwa siku sita, kipengele kwa kipengele, na zile sehemu wasizozielewa walizisoma tena siku ya saba. Kwenye ukurasa wa ishirini na nne wakakuta kwamba sababu ya kuacha kazi inaweza kuthibitishwa na ofisa yeyote wa mwajiri mwenye kuijua habari hiyo, kwa maandishi au kwa mdomo. Akaandika lalamiko. Kampuni ikalikataa kwa mistari minne. Akalipeleka kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, na kwenye nafasi ya shahidi akaandika jina langu, bila kuniuliza.

Wito ulipofika mezani kwangu niliusoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Mkurugenzi hakunikataza kwenda. Aliniambia tu kwamba nikirudi tutazungumza kuhusu nafasi yangu.

Chumba cha usuluhishi kilikuwa ghorofa ya tatu, na meza moja, na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Wakili wa bima alikuwa dada mpole, mwenye faili nadhifu. Aliniuliza kama barua ile ni yangu. Nikasema ni yangu. Akaniuliza kama mama huyu aliacha kazi kwa hiari.

"Hapana. Alipunguzwa. Orodha niliiandaa mimi."

"Kwa hiyo barua hii ni ya uongo?"

"Ndiyo."

"Nani alikuagiza uandike uongo?"

Nilitafuta mtu wa kumtaja. Nilimtafuta kwa dhati, nawaambia ukweli, na sikumpata. "Hakuna aliyeniagiza," nilisema. "Tulizoea."

Yule dada aliweka kalamu chini. Msuluhishi, mzee aliyekuwa hajainua kichwa tangu tuingie, aliniangalia kwa mshangao ambao sijausahau mpaka leo. Akauliza ni barua ngapi za namna hiyo. Nikasema za mwaka ule arobaini na mbili, na za miaka ya nyuma sijui. Mama Pindo akamwambia msuluhishi, "Mwanangu, huyu ni mtu mzuri, ila kazi yake haikaguliwi."

Uamuzi ulitoka siku ishirini na sita baadaye. Bima iliamriwa kulipa marejesho yote kuanzia mwezi aliopunguzwa, hadi miezi kumi na miwili itimie, na mkopeshaji akasitisha mnada. Nyumba ikabaki. Nami, kwa kuwa mmeniona hapa mpaka leo, mnajua kwamba sikufukuzwa. Nilinuniwa tu, na baada ya muda yule mkurugenzi akahamia kwingine.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akalala. Mama Pindo alirudi dirishani kwangu kuchukua majina ya wale wengine arobaini na mmoja. Safari hii sikumwambia njoo kesho. Aliwazungukia kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akiwa na nakala ya uamuzi kwenye mfuko wa plastiki, na akawakuta tisa wenye bima kama yake. Kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba watano kati yao hawakuwa wamedai chochote. Waliisoma barua yangu wakaiamini kuliko walivyoyaamini macho yao, wakasema basi, imeandikwa tumeacha wenyewe. Wanane walilipwa.

Wa tisa alikuwa fundi umeme wetu wa zamu ya pili. Yeye alidai mapema, akakataliwa kwa maneno yaleyale, akainamisha kichwa. Mkataba ulimpa miezi sita ya kulalamika tangu siku ya kukataliwa. Lalamiko lake lilipokelewa siku tisa baada ya muda kwisha, na nyumba yake ikauzwa. Hesabu ni fupi, naweza kuifanya hata usingizini, na huwa naifanya. Siku tisa. Mimi nilizikalia ishirini na moja.

Miezi kumi na minne ilipotimia, ile mashine mpya ilikuwa imeshafundisha kila mtu maana ya pindo bovu, na kiwanda kikamwita Mama Pindo. Alikuja, akasoma mkataba wa ajira kuanzia juu hadi chini, sisi tumesimama tunamsubiri, akasaini. Katika miaka hii karibu kumi na miwili iliyofuata amefundisha washonaji ishirini na sita, wanne kati yao sasa ni wasimamizi. Kila Alhamisi, wakati wa chakula, ameketi na kijana yeyote mwenye karatasi ya mkopo, ya bima au ya kupanga chumba, wakaisoma pamoja. Na barua zetu za kuachishwa kazi sasa zinasema kilichotokea. Zimekuwa fupi, na hakuna anayezipenda, lakini zinafanya kazi.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake kuchukua picha za kuweka kwenye kijitabu hiki. Miaka yote hii nilikuwa sijawahi kukanyaga kwake. Nilikuwa naona haya. Nilijua tu kwamba anaishi na mumewe na shemeji yake, kwa sababu kila siku jioni humtoka neno hilo, niwahi, shemeji hajala, shemeji anasubiri dawa. Sote tulidhani ni mdogo wake mumewe.

Nilibisha hodi. Aliyenifungulia mlango alikuwa fundi umeme.

Nikashika fremu ya mlango. Ameota mvi. Alinipa mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia karibu ndani, karani, chai iko tayari. Nyumba yake ilipouzwa, Mama Pindo na mumewe walikwenda na mkokoteni wakamhamishia chumba cha nyuma, yeye na mkewe, kwa muda tu, hadi mambo yakae sawa. Mkewe alifariki humo humo. Fundi yuko hapo bado, na nyaya zote za nyumba ile amezitandaza upya.

Nilimwuliza Mama Pindo kwa nini hakuniambia kwa miaka yote hiyo. Alikuwa anachagua picha, hakuinua macho.

"Ungejua ungefanya nini, karani? Ungemwandikia barua?"

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya wale tisa, asante, Mama Pindo. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema na mgongo wa mumeo upate nafuu, ndani ya nyumba ile ile ambayo nusura niwatoe. Orodha ya wageni wa Ijumaa ilikuja kwangu kupigwa chapa, ikiwa na majina mawili ya familia. Nimeongeza la tatu, la fundi umeme, aliyefanya kazi hapa miaka kumi na saba na hakuagwa na mtu. Sikuomba ruhusa. Kiti chake kiko mstari wa mbele, na nitakapomaliza kusoma haya mbele yenu, nitakwenda kumwomba msamaha.