Kilo Nane za Mtoto

Mfagiaji wa uwanja wa ndege alikuwa akienda zamu kwa basi, na masikio yake yalishafika kiti cha mbele kabla yeye hajakaa cha nyuma. Huko mbele, fundi wa matairi wa magari ya mashindano alikuwa amegundua kwamba dada aliyeketi naye ndiye mpanga ratiba ya mbio za dunia.

"Kumbe mchawi wetu ni wewe!"

"Ni kompyuta, kaka. Mwaka jana mlivuka bahari ileile mara sita, kama mtu aliyesahau funguo. Sasa mbio za nchi jirani zinafuatana. Safari zimepungua nusu, na moshi pia."

"Kwa safari za magari, sawa. Lakini kila tulipovuka nilipitia nyumbani siku mbili tatu. Leo naondoka, narudi baada ya miezi mitano. Mwanangu ana miezi saba. Nikirudi ataniita mjomba."

"Na hewa atakayovuta huyo mtoto je?"

Mfagiaji aliona wote wawili wana haki, jambo linaloharibu utamu wa ugomvi.

"Hebu niambie, dada. Hiyo kompyuta uliiambia nini kuhusu sisi mafundi?"

Dada alitazama dirishani. "Uzito wenu. Pamoja na mabegi."

Basi likasimama uwanjani. Fundi akajitwika begi lake. "Basi ongeza kilo nane za mtoto, uone itatupitishia wapi."

Mlango ukafunguka, wakashuka kila mtu na njia yake. Mfagiaji alibaki na hamu ya jibu, na sakafu ya kufagia.